Nataka kuacha pombe kimyakimya, bila mtu kujua

Shikamoo Shangazi,

Nimesoma safu hii kwa muda mrefu, na sikuwahi kufikiri kwamba ipo siku nitaandika mimi. Nina miaka 38, nimeolewa, nina watoto wawili: msichana wa miaka 9 na mvulana wa miaka 5. Kazi yangu ni uhasibu. Naomba jina langu usilitoe.

Shangazi, nakunywa pombe. Sisemi kunywa kwa sherehe. Nakunywa kila siku, nakunywa peke yangu, na hakuna anayejua nakunywa kiasi gani. Mume wangu anachojua ni kwamba jioni napata kidogo ili nilale. Hajui kuhusu chupa iliyo chini ya kapu la nguo chafu, wala ile ya kwenye buti la gari niliyoiviringisha taulo.

Ilianza baada ya mama yangu kufariki. Usingizi ulinipotea kabisa, nikawa nakunywa glasi moja ya mvinyo nipate kulala. Ikawa mbili, ikawa chupa. Mvinyo ulipoacha kunitosha nikahamia pombe kali, maana chupa yake ni ndogo na kuificha ni rahisi. Sasa ile ya robo lita inaisha kila siku, na siku mbaya nafungua ya pili. Na huo usingizi niliokuwa nautafuta siupati. Saa nne usiku nalala fofofo, saa tisa niko macho, jasho linanitoka, moyo unadunda, nawaza mpaka kunakucha.

Kinachonitisha zaidi ni asubuhi. Mikono inatetemeka hadi nashindwa kumfunga mwanangu vifungo vya shati. Nikipata mafunda mawili ya kuzimua inatulia, naenda kazini kama mtu mzima. Hivi karibuni nilitakiwa kusaini fomu mbele ya watu kwenye kikao, na nilikuwa sijazimua vya kutosha. Nikasingizia kwamba kalamu haiandiki, nikaomba nisaini baadaye. Chai siku hizi nainywa nikiwa peke yangu, kikombe nakishika kwa mikono miwili.

Halafu kuna binti yangu. Juzi nilimwona ananusa kikombe changu cha maji kabla hajakinywea. Hakusema kitu. Alinusa, akaridhika, akanywa. Nikaanza kumtazama, kumbe ndivyo anavyofanya kila mara. Hakuna aliyemfundisha, Shangazi. Amejifunza mwenyewe kwa kuishi na mimi.

Nimeshajaribu kuacha. Mara ya mwisho nilimwaga kila kitu kwenye sinki nikaapa kwa jina la mama. Kesho yake jioni mwili mzima ulikuwa unatetemeka, natapika, kisha nikaanza kuona vitu vidogo vinatembea ukutani. Nilijua havipo, lakini nilikuwa naviona. Nikatoka kwenda kununua, nikanywa, vikaondoka.

Mwezi ujao mume wangu anasafiri kikazi wiki nzima. Watoto nitawapeleka kwa wifi yangu. Nimepanga nichukue likizo, nifunge milango, nizime simu, niteseke mpaka pombe yote itoke mwilini, ili mume wangu akirudi anikute nimeshaacha. Kuna rafiki aliwahi kuniambia kuhusu vidonge ambavyo ukivimeza kisha ukanywa pombe unaumwa vibaya mpaka unaichukia. Nataka nivitafute nianze navyo siku hiyohiyo.

Maswali yangu ni mawili. Kwanza, hivi mimi ni mlevi kweli? Sijawahi kuanguka barabarani, kazi sijawahi kukosa, hesabu zangu ziko sawa, na watoto nawapeleka shule mwenyewe kwa gari kila asubuhi. Walevi ninaowajua hawako hivi. Pili, nifanye nini ile wiki nisishindwe? Nakuomba usiniambie niende kituo cha kutibu waraibu. Mtu wa kazi yangu akionekana huko, amekwisha.

Mama wa Wawili

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na hiyo wiki, maana mengine yote yanaweza kusubiri hadi mwisho wa jibu hili. Usijifungie ndani. Usikate pombe ghafla ukiwa peke yako, milango imefungwa na simu imezimwa. Watu hufa hivyo, na wanaokufa hivyo ni watu waliokuwa na nia njema kabisa, kama yako.

Nitakueleza kwa nini, ili usidhani nakutisha tu. Pombe huupooza ubongo. Ubongo unaopoozwa kila siku haukai kizembe, nao hujichochea kwa nguvu ili uendelee kufanya kazi. Fikiria watu wawili wanaosukuma mlango mmoja, kila mmoja upande wake: mlango umetulia, lakini si kwa sababu hakuna nguvu. Mmoja akiondoka ghafla, mwingine anaingia ndani kwa kishindo. Ukiikata pombe kwa siku moja, kinachobaki ni ule uchochezi wote bila wa kuuzuia. Kutetemeka, jasho, kichefuchefu na moyo kwenda mbio huanza kati ya saa 6 na 12 tangu funda la mwisho. Ndiyo maana unaamka vile. Umelala bila kunywa, na kufikia alfajiri mwili umeshaanza kudai. Wengi huita hali hii arosto, na huichukulia kama adhabu ya kuvumilia. Kwa mnywaji wa kila siku ni zaidi ya hapo. Katika saa 48 za mwanzo anaweza kupata degedege, hata kama maishani hajawahi kuwa na kifafa. Kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuingia kwenye hali ya kuweweseka: hajui yuko wapi, anaona na kusikia visivyokuwepo, homa inapanda, presha inapanda, moyo unaelemewa. Hospitalini hali hiyo hutibika. Nyumbani, mlango umefungwa, inaua.

Sasa rudi kwenye barua yako. Vile vitu vidogo ukutani havikuwa woga wala ndoto. Vilikuwa ishara kwamba mwili wako ulishaingia njia hiyo. Na aliyepata dalili kali safari moja, safari inayofuata yuko hatarini zaidi. Kwa hiyo ile jioni ulipotoka kwenda kununua, na bila shaka umejilaumu kwayo tangu siku hiyo, usijiite dhaifu. Ulishindwa na jambo ambalo nia peke yake haiwezi kulitatua.

Ninalokuambia sasa litakushangaza likitoka kwa Shangazi: mpaka uonane na daktari, usiikate pombe ghafla. Usiongeze hata tone, usijaribu kujikomoa, lakini usiikate. Na kuonana na daktari kusiwe mwezi ujao. Kuwe wiki hii, mume wako akiwa bado yupo. Kama kabla ya hapo zitakuja dalili zile, yaani degedege, kuchanganyikiwa, homa, au kuona vitu, hiyo ni dharura ya saa ileile, iwe usiku au mchana, na huendi mwenyewe kwa gari.

Umeniomba nisikutajie kituo, na sikutajii. Anza na hospitali ya kawaida, kwa daktari wa kawaida, kwenye foleni ya watu wenye mafua na presha. Hakuna atakayejua umefuata nini. Usiku wa kuamkia siku hiyo kaa uandike karatasi. Wewe ni mhasibu, basi mambo haya yaandike kama unavyoandika ya kazini, bila kupunguza sifuri. Unakunywa nini, kiasi gani, funda la kwanza la siku ni saa ngapi, la mwisho ni saa ngapi. Andika kwamba mikono inatetemeka asubuhi na kwamba kuzimua ndiko kunakoituliza. Andika vile vitu vya ukutani, hata kama mkono utasita. Andika dawa yoyote unayotumia, hasa za usingizi. Robo lita ya pombe kali ya asilimia 40 ina karibu gramu 79 za alkoholi. Shirika la Afya Duniani huhesabu kinywaji kimoja kuwa gramu 10, maana yake siku yako ya kawaida ni vinywaji karibu 8, na siku ya chupa mbili ni karibu 16. Ukimwambia daktari "vinywaji viwili vitatu jioni", kama wengi wanavyosema, atakupa dawa ya mtu mwingine. Kipimo chake kinategemea ukweli wako.

Na wewe, kwa ulichokieleza, usishangae akitaka kukulaza. Wenye dalili nyepesi huweza kutibiwa nyumbani wakiwa na mtu wa kuwaangalia, lakini wewe umeshaona vitu. Utapewa dawa za kutuliza za jamii ya diazepamu kwa kipimo kinachoshushwa siku hadi siku, kwa kawaida kwa muda wa kama wiki, ili ubongo ushuke ngazi kwa ngazi badala ya kuruka. Utapewa pia thiamini, ile vitamini B1, mara nyingi kwa sindano, kwa sababu wanywaji wa muda mrefu huishiwa nayo, na upungufu wake unaweza kuharibu kumbukumbu moja kwa moja. Utapimwa ini. Ini lenye mafuta kwa sababu ya pombe lina uwezo mkubwa wa kupona mtu akiacha. Makovu yakishakuwa mengi, hayafutiki yote. Hiyo ni sababu nyingine ya kwenda sasa. Jambo moja nalisisitiza: usizitafute mwenyewe hizo dawa za kutuliza. Zikichanganywa na pombe zinaweza kuzima pumzi.

Vidonge alivyokuambia rafiki yako vipo kweli. Dawa hiyo ni disulfiramu, imeanza kutumika miaka mingi, Marekani iliidhinishwa mwaka 1951. Huzuia ini lisimalize kazi ya kuvunja alkoholi, hivyo sumu moja ya katikati hubaki kwenye damu, nayo ndiyo inayoleta kutapika, uso kuwaka na moyo kwenda mbio. Haiondoi kutetemeka. Haiondoi hamu. Na kuimeza siku hiyohiyo ambayo bado una pombe mwilini, kama ulivyopanga, ni kujiletea balaa. Hupewa mtu aliyekwisha kusafishika, aliyepimwa moyo na ini, anayejua hata dawa ya kikohozi yenye alkoholi inaweza kumdhuru. (Na kwa kuwa najua wapo wake na akina mama wanaosoma hapa wakiwaza kumtilia mtu dawa hii kwenye chakula kwa siri: msithubutu. Mnaweza kumuua.) Zipo dawa nyingine mbili ambazo ningependa umuulize daktari baada ya wiki ile ya kwanza, naltreksoni na akamprosati. Hizo hazikutishi kwa adhabu, husaidia kupunguza kiu ya pombe au kumshikilia aliyeacha asirudi. Daktari atajua ipi inakufaa, maana moja haiendi na baadhi ya dawa kali za maumivu na nyingine inataka figo nzima. Ni watu wachache mno wanaozijua, na jambo hilo linanisikitisha.

Tuje kwenye swali lako, kama wewe ni mlevi kweli. Mwanangu, sioni faida ya kugombania jina. Naona unavyolitumia: mlevi ni yule aliyelala mtaroni, mimi siko mtaroni, basi bado nina muda. Shirika la Afya Duniani lina dodoso la maswali 10, linaitwa AUDIT, ambalo madaktari wamelitumia tangu mwaka 1989. Alama zake ni kuanzia 0 hadi 40. Ukifika 8 unywaji wako tayari una hatari, na kuanzia 20 mtu anapaswa kuchunguzwa kama mwili umeshakuwa tegemezi. Hakuna swali hata moja linalouliza kama umefukuzwa kazi. Linauliza kama umewahi kushindwa kujizuia ukishaanza. Kama umehitaji kinywaji asubuhi ili siku iende. Kama umejuta. Kama kuna mtu wa karibu aliyepata wasiwasi. Ukilijaza kwa uaminifu utaona mwenyewe alama zinakwenda wapi, na daktari atafurahi ukimpelekea likiwa limejazwa.

Wala usidhani uko peke yako katika hili. Ripoti ya Shirika hilo iliyotolewa mwaka 2024 inakadiria watu milioni 400 duniani wana matatizo ya kiafya yatokanayo na unywaji, na milioni 209 kati yao mwili umeshakuwa tegemezi.

Hapa sasa sikubembelezi. Kuna sentensi moja umeiandika kama sifa: kwamba watoto unawapeleka shule mwenyewe kila asubuhi. Asubuhi ileile ya mafunda mawili, juu ya mabaki ya usiku. Ini hupunguza pombe polepole, kama kinywaji kimoja kwa saa, na hakuna kahawa wala maji baridi yanayoliharakisha. Kwa kiasi unachokunywa, saa moja asubuhi bado unaweza kuwa na pombe ya kutosha kwenye damu kabla hata hujazimua. Kuanzia kesho usiendeshe. Awapeleke baba yao, awapeleke jirani, wachelewe, wakose hata siku moja. Hili halingoji daktari. Kama kuna jambo moja tu utalitekeleza katika majibu yangu yote, liwe hili.

Na ukishaacha kuendesha, mume wako atauliza kwa nini. Vizuri. Mwambie.

Najua ndicho ulichokuwa unakikwepa, na mpango wote wa ile wiki umejengwa juu yake. Unataka upone bila kuwa umewahi kuumwa. Lakini ulevi wako unaishi ndani ya siri hiyo. Chupa ya kapuni na ile ya kwenye buti zina kazi kwa sababu tu hakuna mwingine anayejua ziliko. Wahenga walishasema mficha maradhi kifo humuumbua, na kwa pombe hilo ni kweli neno kwa neno. Mwambie wakati hamjagombana, watoto wamelala au hawapo, na kabla hajaanza kupanga sanduku la safari. Usizunguke. Unaweza kusema hivi: "Nina tatizo la pombe na ni kubwa kuliko unavyojua. Nakunywa tangu asubuhi. Nimejaribu kuacha, mwili ukanishinda na nikaanza kuona vitu. Naomba kesho unipeleke hospitali." Kisha nyamaza. Usitumie saa nzima kuomba msamaha, itamlazimu akufariji wewe badala ya kusikia ulichosema. Inuka umwonyeshe chupa ziliko, zote, mwenyewe kwa mkono wako, na azihifadhi yeye mpaka daktari aseme la kufanya, asizimwage usiku huo kwa hasira, kwa sababu ile niliyoieleza mwanzo.

Anaweza kukasirika. Ana haki. Umemdanganya muda mrefu, na huenda atakumbuka mambo mengi kwa wakati mmoja. Anaweza pia kukuambia kwamba alikuwa anahisi siku nyingi akaogopa kuuliza, usishangae. Kama mume wako ni mtu wa kukupiga, hujasema hivyo, lakini kama ni hivyo, basi anza na mwingine: wifi yako unayemwamini na watoto, dada, rafiki. Sharti langu ni kwamba awepo mtu mzima mmoja anayejua kila kitu, na siku ya kwenda hospitali akae kando yako kitini.

Na baba, kama utaisoma barua hii ukaitambua nyumba yako, usigeuke askari wa kunusa glasi na kuhesabu chupa. Hutashinda kwa njia hiyo, na utachoka. Kwa jamaa wa wanywaji upo ushirika unaoitwa Al-Anon, tangu mwaka 1951, ambapo watu wa nyumba kama yenu huketi na kusaidiana wao kwa wao.

Kuhusu kazi, daktari anafungwa na siri ya mgonjwa, na kwa kawaida cheti cha mapumziko hakina haja ya kueleza kila kitu. Ulikuwa tayari kuchukua likizo ya kujificha, basi siku hizohizo zitumie kwa matibabu. Ila nikuambie kwa upole jambo ambalo huenda hakuna aliyekuambia: pombe kali nayo hunuka. Hutoka kwenye mapafu kwa kila pumzi, na pipi haizuii. Huenda kazini wapo waliokwisha kuhisi. Kati ya kuonekana unatibiwa na kuonekana mkono unatetemeka juu ya hati za fedha za watu, ni lipi litakalommaliza mhasibu?

Binti yako. Nimeisoma aya ile zaidi ya mara moja. Mtoto wa miaka 9 ameshatengeneza njia yake ya kujilinda ndani ya nyumba yake, na ameitengeneza kimya kwa sababu amejua ni jambo lisilosemwa. Watoto wa namna hiyo mara nyingi huamini kosa ni lao, kwamba wangekuwa watulivu zaidi mama asingekunywa. Mkae wewe na baba yake mumwambie kwa maneno ya umri wake: mama anaumwa, ugonjwa wenyewe ni wa kunywa pombe, si wewe uliyeusababisha, na mama anakwenda kutibiwa. Mwambie hakukosea kunusa. Usimwahidi kwamba hutakunywa tena maishani, maana ukiteleza atajiona mjinga kwa kukuamini. Mwahidi kwamba utamwambia ukweli. Na asipewe kazi ya kukuchunga. Ana kaka mdogo, ana shule, inamtosha.

Ile wiki ya hospitali itasafisha mwili. Haitagusa kilichokupeleka kwenye chupa. Umeniandikia "baada ya mama kufariki" ukaenda moja kwa moja kwenye usingizi, na mama hukumtaja tena mpaka pale ulipoapa kwa jina lake. Nadhani hujamlilia. Pombe ilikuja kabla machozi hayajapata nafasi. Mwombe daktari akuelekeze kwa mnasihi, na huko uanze na mama kabla ya pombe. Usingizi nao nikutahadharishe: pombe humlaza mtu haraka kisha huuvunja usingizi wa nusu ya pili ya usiku, ndiyo hiyo saa tisa yako. Ukiacha, bado utalala vibaya kwa wiki kadhaa, pengine zaidi. Wengi hurudi kwenye chupa hapo wakidhani wamezaliwa hivyo. Mwambie daktari, vumilia, usingizi hurudi.

Tafuta pia kikundi. Alcoholics Anonymous, au AA kama wengi wanavyoiita, huhesabu kuzaliwa kwake tangu tarehe 10 Juni 1935, mjini Akron huko Marekani, kwa watu wawili waliokuwa wanywaji: Bill Wilson, aliyekuwa mtu wa masoko ya hisa, na Bob Smith, daktari wa upasuaji. Nakutajia kazi zao makusudi, wewe unayeogopa kwamba mtu wa kazi yako haonekani huko. Ada hakuna. Sharti la kuingia ni kutaka kuacha tu, na unajitambulisha kwa jina la kwanza. Uchambuzi mkubwa wa Cochrane, mtandao wa watafiti wa tiba, wa mwaka 2020, uliokusanya tafiti 27, ulionyesha kwamba katika kumsaidia mtu akae bila pombe kabisa, njia hiyo inalingana na tiba nyingine zinazotambulika, na mara nyingi inazipita. Mikutano ipo ya ana kwa ana na ya mtandaoni. Wapo wasiopenda lugha yake ya kiroho. Kama nawe ni hivyo, fuata unasihi wa kitabia, hakuna atakayekudai sababu. Ninachokataa ni kukaa peke yako.

Huenda ukateleza. Ikitokea, mpigie yuleyule mtu mzima anayejua kila kitu siku hiyohiyo, kabla ya kutafuta mahali pa kuficha chupa. Funda moja ni funda moja. Ukilificha ndipo linaporudisha kapu, buti na taulo.

Uniandikie ukishaonana na daktari, hata kwa mstari mmoja. Na kama wa kwanza atakukaripia badala ya kukusikiliza, wapo wa namna hiyo, usirudi nyumbani ukasema umejaribu. Chukua karatasi yako uende kwa mwingine.

Shangazi